Chipu Mbili katika Kompyuta Moja: Uteuzi wa Mashine ya Linux kwa Mtafiti wa Lugha mjini Lubumbashi

1.0 Utangulizi

Utafiti wa Kiswahili cha Lubumbashi umejengwa, tangu mwanzo, juu ya sauti iliyorekodiwa. Walter Schicho, kwa kushirikiana na Mbayabo Ndala, walipochapisha mwaka 1981 kitabu chao juu ya kundi la maigizo la Mufwankolo, walikuwa wakishughulika na usemi uliotoka vinywani mwa waigizaji. Hata maandishi ya mwaka 1965 yajulikanayo kama Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, ambayo Johannes Fabian aliyatolea toleo lake mwaka 1990 akisaidiwa na Kalundi Mango, ilibidi kwanza yasomwe kwa sauti ndipo yaeleweke. Katika kazi za namna hii kinachochukua muda si kurekodi, bali ni kunukuu: kuisikiliza sentensi moja mara tano au sita, kuiandika, kuirudia, na kuamua kama msemaji alitamka neno la Kifaransa au neno la Kiswahili ambalo limekwisha kulimeza la Kifaransa.

Kinasa sauti cha kanda kimekwisha kuondoka mezani, lakini kazi yenyewe haikupungua. Siku hizi hufanywa kwa kompyuta, hasa kwa programu ya ELAN, iliyotengenezwa katika Taasisi ya Max Planck huko Nijmegen, na ile ya Praat, ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Zote mbili hupatikana bila malipo, na zote mbili hufanya kazi vyema katika mfumo wa Linux. Mfumo huo una sifa ambazo mwanafunzi au mwalimu wa chuo hawezi kuzipuuza. Haudai leseni. Virusi vinavyohamishwa kwa flashi kutoka mashine hadi mashine kwa kawaida haviudhuru. Isitoshe, unaendelea kuzihudumia mashine za zamani ambazo mifumo mingine imezikataa: Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida mwezi Oktoba 2025, na Windows 11 haivikubali rasmi vichakato vya Intel vilivyotangulia kizazi cha nane.

Hata hivyo, hutokea mara kwa mara kwamba mtafiti ananunua kompyuta mpakato iliyosifiwa dukani kuwa na nguvu kwa sababu ina «kadi ya michoro» ya peke yake, anaweka Linux, na matatizo yanaanza. Skrini inakuwa nyeusi baada ya masasisho. Betri inakwisha kabla ya mahojiano ya pili kunukuliwa. Projekta ya darasani haipati picha, ingawa waya umechomekwa inavyostahili. Mwenye mashine hudhani kwamba ameuziwa kitu kibovu, au kwamba Linux haifai, na huirudia njia ya zamani. Makala haya yanakusudia kueleza chanzo cha matatizo hayo, yaani kuwako kwa chipu mbili za michoro katika mashine moja, na kuonyesha kwa nini mtafiti wa lugha anayefanya kazi Lubumbashi anafaa, mara nyingi, kuchagua mashine yenye chipu moja tu.

2.0 Maneno machache juu ya istilahi

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, ulikuwa miongoni mwa juhudi za mwanzo za kuipa kompyuta lugha ya Kiswahili kwa mpango maalumu. Tangu hapo istilahi zimeongezeka bila kukubaliana. Kompyuta yenyewe huitwa pia tarakilishi, hasa nchini Kenya. Ile ibebwayo huitwa kompyuta mpakato au kipakatalishi. Na katika mazungumzo ya Lubumbashi husikika zaidi maneno ya Kifaransa, kila msemaji akiyatamka kwa namna yake. Katika makala haya «kiini» ni ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo inayozungumza na vifaa, na «kiendeshi» ni programu inayokiwezesha kiini kukitumia kifaa fulani.

Neno hili la pili lastahili kutazamwa kidogo. Dereva ni mtu. Kwa kuunda «kiendeshi» kutokana na kitenzi endesha, Kiswahili hakikuchukua umbo la ala la kizibo na kifuniko, wala lile la kinasa. Kimechukua umbo la kiongozi na kinyozi, ambamo irabu -i humtaja mtendaji. Pengine jambo hilo halikukusudiwa, lakini limekuja vizuri. Chipu isiyo na kiendeshi ni kama kundi lisilo na kiongozi: ipo, inakula umeme, na haifanyi lolote la maana. Matatizo yote yatakayoelezwa hapa chini ni matatizo ya uongozi wa aina hiyo.

3.0 Jinsi chipu mbili zinavyogawana kazi

Kila kionekanacho kwenye skrini huchorwa kwanza katika kumbukumbu ya kompyuta, kisha hupelekwa kwenye skrini, kwa kawaida mara 60 kwa kila sekunde. Katika kompyuta mpakato nyingi kazi hiyo hufanywa na chipu ya michoro iliyomo ndani ya kichakato chenyewe, ama cha Intel ama cha AMD. Chipu hiyo haina kumbukumbu yake. Hutumia ile ya kompyuta nzima, na matumizi yake ya umeme ni madogo. Inatosha kabisa kwa kuandika, kuvinjari, kutazama video, kuchora spektrogramu za Praat na kupanga matabaka ya ELAN.

Mashine zilizokusudiwa michezo, usanifu wa majengo au kazi za hesabu nzito huongezewa chipu ya pili, mara nyingi ya NVIDIA na pengine ya AMD, yenye kumbukumbu yake yenyewe. Hiyo hufanya kazi kwa kasi kubwa zaidi, na inapofanya kazi kwa nguvu zake zote yaweza kula makumi ya wati. Kwa kuwa betri haiwezi kuivumilia kwa muda mrefu, watengenezaji walibuni utaratibu wa kubadilishana zamu: chipu ndogo ishughulikie kazi za kawaida, na ile kubwa iamshwe inapohitajika tu.

Utaratibu huo umekuwa na sura mbili. Katika mashine za mwanzo kulikuwa na swichi halisi iliyoiunganisha skrini ama na chipu hii ama na ile. Katika nyingi zilizofuata swichi iliondolewa, na chipu kubwa haikuunganishwa na skrini hata kidogo. Yenyewe ni kama fundi afanyaye kazi uani: akimaliza humkabidhi mwenye duka, na mwenye duka ndiye anayeonana na mteja. Chipu kubwa huchora picha, huinakili katika kumbukumbu ya chipu ndogo, na chipu ndogo huipeleka kwenye skrini. (Baadhi ya mashine mpya za bei ya juu zimeirudisha swichi, lakini hizo si mashine za mfuko wa mwanafunzi.)

Faida ya mpango huu inategemea sharti moja, nalo ni kwamba fundi wa uani asipokuwa na kazi alale kabisa. Akilala nusu, yaani akiwa macho bila kazi, hula umeme bure. Anayemlaza na kumwamsha ni kiendeshi. Kwa hiyo swali la kweli si chipu ina nguvu kiasi gani, bali ni nani aliyeandika kiendeshi chake, na kiko wapi.

4.0 Kiendeshi cha ndani na kiendeshi cha nje

Viendeshi vya chipu za Intel ni huria na vimo ndani ya kiini cha Linux. AMD ilianza mwaka 2007 kutoa hati za chipu zake ili viendeshi huria viweze kuandikwa, na kiendeshi chake cha sasa, amdgpu, kiliingizwa katika kiini mwaka 2015, katika toleo la 4.2. Maana yake ni kwamba mtu anayeweka Linux katika mashine yenye chipu hizo hahitaji kutafuta kitu kingine. Kiini kikisasishwa, kiendeshi husasishwa pamoja nacho, kwa kuwa ni kitu kimoja.

Kwa NVIDIA mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwezi Februari 2010 kampuni hiyo ilitangaza Optimus, jina la utaratibu wake wa kubadilisha chipu bila swichi na bila mtumiaji kujua. Tangazo lilihusu Windows. Mwaka huohuo Dave Airlie aliingiza katika toleo la 2.6.34 la kiini sehemu iitwayo vga_switcheroo, ambayo iliweza kuzihudumia mashine zenye swichi, na akaanza kazi aliyoiita PRIME kwa ajili ya zile zisizo nayo. Jina hilo ni utani: Optimus Prime ni roboti wa katuni na filamu za Transformers. Mradi ulioanzishwa mwaka 2011 na watumiaji wenyewe, waliochoka kungoja, nao ukaitwa Bumblebee, jina la roboti mwingine wa hadithi hiyohiyo.

Bumblebee iliwasaidia wengi, lakini imebaki kukumbukwa pia kwa kosa moja. Katika programu yake ya kujisakinisha, mwaka huohuo wa 2011, iliachwa nafasi tupu moja mahali pasipostahili, katika amri ya kufuta faili. Amri iliyokusudiwa kufuta kijisehemu kidogo cha saraka ya /usr ikaisoma /usr kama neno kamili, na kuifuta yote, yaani karibu programu zote za mashine. Wanaisimu, ambao kwa miaka mingi wamebishana juu ya maneno yapi yaandikwe kwa kuunganishwa na yapi kwa kutenganishwa, watauelewa uzito wa nafasi ile kuliko watu wengine.

Mwezi Juni 2012, katika Chuo Kikuu cha Aalto nchini Ufini, mhudhuriaji mmoja alimweleza Linus Torvalds, mwanzilishi wa kiini cha Linux, jinsi mashine yake yenye Optimus isivyopata msaada. Torvalds alijibu kwamba NVIDIA ni kampuni mbaya kuliko zote walizopata kushughulika nazo, akaongeza kwa kidole matusi yaliyoenea ulimwenguni kwa video. Jambo hilo husimuliwa kama kichekesho, na swali lililolizaa husahauliwa. Lilikuwa swali la mtu aliyenunua kompyuta kwa fedha yake na asiweze kuitumia nusu yake.

Tangu hapo hali imebadilika, na si haki kuisimulia kana kwamba bado ni ya mwaka 2012. Mwaka 2019 kiendeshi cha NVIDIA, katika tawi la 435, kiliweza hatimaye kuifanya chipu kubwa ichore kwa ajili ya programu moja tu iliyochaguliwa, huku ile ndogo ikiendelea na mengine. Mwezi Mei 2022 kampuni ilitoa kwa leseni huria ile sehemu ya kiendeshi chake inayokaa pamoja na kiini. Lakini sehemu hiyo huhudumia chipu za kizazi cha Turing, kilichoanza mwaka 2018, na vizazi vilivyofuata. Vivyo hivyo uwezo wa chipu kujizima kabisa isipotumika hupatikana katika chipu za Turing na zilizofuata, si katika zile za kabla yake.

Hapo ndipo jambo hili linapomgusa mnunuzi wa Lubumbashi kwa namna ya pekee, kwa sababu yeye kwa kawaida hanunui mashine ya mwaka huu. Kompyuta nyingi zinazouzwa mjini ni mitumba, na katika mitumba ya kati ya mwaka 2017 na 2020 chipu ya pili inayokutwa mara nyingi ni GeForce MX150 au MX250. Zote mbili ni za kizazi cha Pascal, kilichotangulia Turing. Kiendeshi huria kipya hakizihudumii. Kiendeshi kingine huria, nouveau, ambacho kiliandikwa na watu wa nje kwa kuichunguza chipu na kukisia mwenendo wake, kinazitambua lakini hakiwezi kupandisha kasi yake, kwa kuwa chipu hizo hudai programu ndogo yenye saini ya mtengenezaji. Kinachobaki ni kiendeshi kilichofungwa cha NVIDIA. Na mwaka 2025 kampuni ilitangaza kwamba tawi la 580 ndilo la mwisho kuvihudumia vizazi vya Maxwell, Pascal na Volta, na kwamba baada yake yatatolewa masasisho ya usalama tu kwa muda. Mtu aliyelipa zaidi ili apate chipu hiyo amenunua kitu ambacho mlango wake umeanza kufungwa.

Kuna pia kero ya kila siku. Kiendeshi kisichomo ndani ya kiini lazima kijengwe upya, au kipakuliwe upya, kila kiini kinapobadilika. Kifurushi chake ni cha mamia ya megabaiti. Anayelipia intaneti kwa simu, kwa vocha, huanza kupakua, fungu lake huisha katikati, naye huahirisha. Siku ya pili kiini kipya kinawaka bila kiendeshi chake, na skrini inabaki nyeusi. Mashine haikuharibika. Mwenye ujuzi huichagua orodha ya viini vya zamani wakati wa kuwasha, huingia kwa kiini cha jana, na kazi huendelea. Wengi hawaijui orodha hiyo, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha.

5.0 Umeme

Laini ya umeme inayotoka Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, ilijengwa kwa ajili ya viwanda vya shaba, na migodi bado ndiyo mtumiaji mkubwa wa umeme wa Katanga. Katika kata za mji mkatiko wa umeme si tukio. Ni jambo ambalo mkazi huipangia siku yake. Kwa hiyo, wakati mnunuzi wa Brussels huuliza mashine ina kasi gani, mnunuzi wa Lubumbashi hana budi kuuliza kwanza mashine inakula wati ngapi.

Hesabu yake ni nyepesi. ThinkPad T480 ya mwaka 2018, ambayo ni mashine inayojulikana sana katika mitumba, huwa na betri mbili, moja ndani na moja nje, ambazo zikiwa mpya hubeba jumla ya wati-saa 48 katika umbo lake la kawaida. Ichukuliwe kwamba mtu anayenukuu kwa ELAN, skrini ikiwa na mwanga wa wastani, anatumia wati 6. Betri mpya itamfaa kwa muda wa saa nane. Sasa ichukuliwe kwamba mashine hiyohiyo ina MX150 (kwa maana modeli hii iliuzwa kwa sura zote mbili, yenye chipu ya pili na isiyo nayo, chini ya jina moja), na kwamba chipu hiyo inakaa macho bila kazi kwa wati 8 zaidi. Matumizi yanafika wati 14, na zile saa nane zinakuwa tatu na dakika ishirini na kitu. Tena betri ya mtumba si mpya. Ikiwa imebakiwa na asilimia 60 ya uwezo wake, mwenye chipu moja anapata karibu saa tano, na mwenye chipu mbili anapata saa mbili. Tofauti hiyo ni mahojiano mazima ya mzee mmoja, kunukuliwa leo au kungojea umeme urudi. (Si rahisi kuacha kutaja kwamba kobalti iliyomo katika betri za namna hiyo, kwa sehemu kubwa, hutoka katika ardhi ya Katanga na Lualaba, na kwamba hurejea hapa ikiwa imekwisha kuchoka.)

Chaja nayo ni sehemu ya hesabu. Mashine yenye chipu moja huridhika na chaja ya wati 45 au 65, mara nyingi ya tundu la USB-C, na hivyo yaweza kuchajiwa kwa paneli ndogo ya jua yenye inverta ya kawaida, garini, au kwa benki kubwa ya umeme. Mashine ya michezo hudai chaja ya wati 150, 180 au 230, yenye tundu lake maalumu. Chaja hiyo ikiungua, kuipata nyingine ya kweli mjini ni shughuli, na zile za kuigiza huchoma mashine.

Baki ya projekta, ambayo walimu wataielewa haraka. Katika mashine nyingi zenye chipu mbili, tundu la HDMI halikuunganishwa na chipu ndogo bali na ile kubwa. Mwenye busara anayeizima chipu kubwa ili aokoe betri anagundua, mbele ya wanafunzi mia mbili, kwamba ameizima pia njia ya kwenda kwenye projekta. Na anayeiacha imewaka ili projekta ifanye kazi anakuta betri haifiki mwisho wa somo. Kasoro hii haiandikwi popote kwenye lebo ya mashine.

6.0 Kuikagua mashine kabla ya kulipa

Jambo jema ni kwamba Linux inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa na bila kugusa kilichomo katika diski. Mnunuzi anaweza kwenda dukani na flashi yake, akamwomba muuzaji ruhusa, na kwa dakika kumi akajua zaidi ya yale ambayo muuzaji mwenyewe anayajua. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Anayekataa naye ametoa habari.

Mashine ikiisha kuwaka, amri «lspci -k» huorodhesha vifaa vyote na viendeshi vyake. Mstari wenye maneno «VGA compatible controller» ni chipu inayoihudumia skrini. Ukiwako mstari wa pili wenye maneno «3D controller», hapo ana fundi wa uani. Chini ya kila mstari huandikwa kiendeshi kinachotumika: i915 kwa Intel, amdgpu kwa AMD, nouveau au nvidia kwa chipu za NVIDIA. Jina la modeli lililobandikwa nje halitoshi, kwa sababu iliyokwisha kutajwa. Lebo ya rangi ya kijani ya NVIDIA karibu na kibodi ni dalili nzuri zaidi, ila lebo hubanduliwa.

Amri ya «upower -d» huonyesha hali ya betri. Nambari mbili ndizo za kulinganishwa, «energy-full» na «energy-full-design»: ya kwanza ni kiasi ambacho betri inabeba leo, ya pili ni kile ilichobeba siku ilipotoka kiwandani. Ikiwa ya kwanza haifiki nusu ya pili, bei ya betri mpya ni sehemu ya bei ya mashine. Mnunuzi akichomoa chaja na kungoja dakika chache, nambari ya «energy-rate» humwambia wati zinazotumika. Mashine iliyotulia, isiyo na programu nzito, ikionyesha wati 15 na zaidi, kuna kitu ndani yake kilicho macho kisichohitajika.

Wifi huhitaji kujaribiwa palepale, kwa simu iliyowashwa kuwa kituo. Zile za Intel huwa hazina matatizo. Zile za Broadcom mara nyingi hudai kiendeshi cha nje, na mtu huhitaji intaneti ili apate kiendeshi cha kumpatia intaneti. Kibodi nazo zichunguzwe: AZERTY ya Kifaransa na AZERTY ya Kibelgiji zote hufika Lubumbashi, na hazikubaliani katika mahali pa alama. Anayenukuu Kibemba au Kiluba kwa alama za toni atafanya vyema kujifunza mpangilio wa Linux uitwao «fr oss», ambao hutoa hata herufi kubwa zenye alama, badala ya kutafuta kibodi kamili ambayo haipo.

Kama mashine yenye chipu mbili imekwisha kununuliwa, haifai kutupwa. Katika baadhi ya mashine chipu ya pili huzimika katika mipangilio ya BIOS, na hiyo ndiyo njia safi kuliko zote. Katika Ubuntu, pale kiendeshi cha NVIDIA kilipowekwa, amri ya «prime-select intel» huiweka kando chipu kubwa baada ya kuwasha upya, na «prime-select on-demand» huiacha iitwe kwa haja. Katika mazingira ya GNOME, kubofya ikoni ya programu kwa kitufe cha kulia huleta chaguo la kuifungua kwa chipu kubwa. Wenye chipu mbili za AMD wana raha zaidi, maana viendeshi vyote viwili ni kimoja, nacho kimo ndani ya kiini.

7.0 Utambuzi wa usemi: je, chipu kubwa inahitajika?

Upo upinzani mmoja mzito dhidi ya hoja ya makala haya. Programu za kutambua usemi zinazotumia mitandao ya neva, kama Whisper iliyotolewa na OpenAI mwezi Septemba 2022, hufanya kazi kwa kasi kubwa zaidi zinapopata chipu ya NVIDIA, kwa kuwa nyingi ziliandikwa kwa kutegemea CUDA, jukwaa la hesabu ambalo kampuni hiyo ililitoa mwaka 2007. Mtafiti kijana atauliza kwa nini anukuu kwa mkono saa arobaini za mahojiano ikiwa mashine yaweza kumnukulia.

Jibu la kwanza ni la lugha. Kiswahili kilikuwa sehemu ndogo mno ya data iliyoifunza Whisper. Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho katika orodha ya kimataifa ya ISO 639-3 kimo ndani ya Kiswahili cha Kongo chenye alama yake, swc, huchanganya Kifaransa ndani ya sentensi, na baadhi ya sarufi yake si ile ya vitabu vya Dar es Salaam. Programu iliyofunzwa kwa Kiswahili sanifu haikisikii, hukisahihisha. Huandika kile ambacho msemaji angesema kama angekuwa mtangazaji wa redio ya Tanzania. Kwa mwanaisimu hilo ni baya kuliko ukurasa mtupu, maana kosa lake husomeka vizuri. Ili programu hizo ziweze kufunzwa usemi wa hapa, lazima kwanza kuwe na saa nyingi za sauti zilizonukuliwa kwa uaminifu na watu wanaoujua usemi huo, na kazi hiyo yafanywa kwa masikio, ELAN na betri inayodumu.

Jibu la pili ni la vifaa. Kwa majaribio madogo, whisper.cpp ya Georgi Gerganov hufanya kazi kwa kichakato cha kawaida bila chipu ya NVIDIA, polepole lakini bila tatizo. Mtu huiacha ikifanya kazi wakati umeme upo, akaendelea na mengine. Na kwa mafunzo ya kweli ya mitandao ya neva, chipu ya kompyuta mpakato haitoshi: MX150 ina kumbukumbu ya gigabaiti 2 au 4 tu. Kinachofaa ni kompyuta ya mezani ya idara yenye kadi kubwa moja, ambayo skrini yake huunganishwa na kadi hiyo moja kwa moja na kwa hiyo haina fundi wa uani wala zamu za kubadilishana, iliyolindwa kwa betri ya akiba, na inayotumiwa kwa ratiba. Fedha ambayo watu sita wangeiongeza kila mmoja ili apate mashine ya chipu mbili inakaribia bei ya kadi kama hiyo. Watafiti huleta sauti zao kwa flashi jioni, mashine hufanya kazi kwa muda ambao umeme unaruhusu, na kila mmoja hurudi nyumbani na rasimu ya kusahihishwa, sentensi kwa sentensi, katika mpakato wake wa wati 6.